Tovuti Inalemewa Wateja Wakijaa: Tafuta Ugonjwa Kwenye Kache, Dalili kwa Dalili

Desemba ikifika simu yangu haipumziki. Watu wa Mombasa wanapanda bara kuona jamaa, watu wa bara wanashuka pwani kuogelea, na kila mwenye tovuti ya tiketi, ya vyumba vya wageni au ya duka anakutana kwa siku moja na matatizo ambayo mwaka mzima hakuyaona. "Kaka, mtandao umelala." Mara nyingi mtandao uko macho kabisa. Kilichoelemewa ni seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa za tovuti, na kilichopaswa kuisaidia, yaani kache, ama hakifanyi kazi au kinafanya kazi isiyo yake.

Mama anayeuza mahamri na mbaazi mtaani Majengo hapiki mbaazi upya kwa kila mteja. Anapika sufuria moja alfajiri, kisha anapakua. Kache ndiyo sufuria hiyo: ukurasa unatengenezwa mara moja, unapakuliwa mara nyingi. Bila kache, tovuti inayobadilika huuliza hifadhidata na kuupika ukurasa upya kwa kila anayebisha hodi. Lakini mbaazi za nazi huchacha, na pia si kila kitu jikoni ni cha wateja wote. Kwa hiyo kila ukurasa una maswali mawili ya kuulizwa: huu ni wa nani, na utachacha lini? Hitilafu karibu zote zilizo hapa chini zimetokana na mtu kutoyajibu maswali hayo mawili.

Kabla hujagusa chochote

Usianze kwa kununua RAM (kumbukumbu ya seva) zaidi, na usianze kwa kufuta kache yote. Kwanza andika tatizo lilianza lini. Hapa kwetu mtu akikwambia "ilianza saa mbili asubuhi" anakusudia 08:00, na logi (rekodi za matukio) za seva nyingi ziko kwenye UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, kwa hiyo zitakuonyesha 05:00. Nimemwona kijana hodari akisoma logi za 02:00 asubuhi nzima, akitafuta kosa ambalo halikuwa huko.

Kisha uliza seva yenyewe kwa programu ya `curl`, mara mbili mfululizo:

`curl -s -o /dev/null -D - https://tovuti-yako.example/safari`

Wengi hutumia `curl -I`, lakini hiyo hutuma ombi la aina ya HEAD, na programu nyingine hulijibu tofauti na ombi la kawaida. Kwenye majibu tafuta heda (mistari ya maelezo inayotangulia ukurasa) nne: `Cache-Control`, `Set-Cookie`, `Age`, na ile ya hali ya kache (`X-Cache`, au `cf-cache-status` ukiwa nyuma ya Cloudflare, huduma inayokaa kati ya seva yako na wageni). Jibu la pili likisema HIT, yaani limetoka kwenye kache, na `Age`, umri wa nakala hiyo, inaongezeka, sufuria ipo jikoni. Likisema MISS, yaani halikukutwa kwenye kache, kila mara, nenda dalili ya kwanza.

Pima pia usiku, wateja wakiwa wamelala. Ukurasa ukichukua sekunde sita hata ukiwa peke yako, tatizo ni ulizo bovu la hifadhidata, pengine jedwali halina faharasa. Kache italifunika tu jeraha hilo, na siku kache itakapoanguka utalikuta limeoza. Tibu ulizo kwanza.

Dalili ya 1: Kache imewashwa, lakini tovuti ni nzito vilevile

Sababu inayoongoza kwa mbali ni kuki, kile kipande cha data ambacho tovuti huweka kwenye kivinjari ili imtambue mgeni. Nginx (programu ya seva) haihifadhi jibu lenye `Set-Cookie`, heda inayotoa kuki, na Varnish (programu ya kache) pia hukataa. Zote mbili zina haki, maana kuki kwa kawaida ni ya mtu mmoja. Sasa chukua tovuti iliyoandikwa kwa lugha ya PHP ambayo mwandishi wake aliweka `session_start()` kwenye faili linaloitwa na kila ukurasa. Kila mgeni, hata aliyekuja kusoma ratiba tu, anapewa kuki ya kikao, ya kumfuatilia ukurasa hadi ukurasa. Utaitambua hali hii kwa alama moja isiyopotea: heda ya `Expires` yenye tarehe ya 19 Nov 1981. Ndiyo tarehe PHP inayoitoa yenyewe kikao kinapofunguliwa, pamoja na `no-store`, ili ukurasa usihifadhiwe popote. Ukiiona 1981 kwenye ukurasa wa mbele, umempata mwizi.

Dawa ni kutofungua kikao mpaka mtu aingie kwenye akaunti au aweke kitu kikapuni. Kuna njia ya mkato inayozunguka sana, ya kuiambia Nginx ipuuze `Set-Cookie`. Usiifuate njia hiyo. Dalili ya 3 itakuonyesha inakofika.

Sababu ya pili: CDN (huduma ya namna ya Cloudflare, inayogawa nakala kutoka vituo vilivyo karibu na mgeni) haihifadhi HTML, yaani ukurasa wenyewe, kabisa. Cloudflare, ukiiacha ilivyo, huhifadhi picha, CSS na JavaScript kwa kutazama kiambishi cha faili. Ukurasa wenyewe unapita moja kwa moja hadi kwenye seva yako. Utaona neno DYNAMIC kwenye `cf-cache-status`. Watu wengi hulipia CDN miezi wakidhani inabeba mzigo, kumbe inabeba nembo na picha za mabasi tu. Unahitaji kuweka kanuni inayotaja kurasa zipi zihifadhiwe, na uzitaje moja moja. Usiandike "zote".

Sababu ya tatu ni anwani zenye mikia. Tangazo likisambazwa Facebook, kila anayebonyeza anakuja na `fbclid` yake, tofauti na ya jirani. Kwa kache, kila mkia ni anwani mpya, kwa hiyo wageni elfu moja wanapika sufuria elfu moja za mbaazi zilezile. Iambie kache isihesabu `fbclid`, `gclid` na zile zinazoanza na `utm_`. Lakini usifute mikia yote kwa mkupuo: `?tarehe=` na `?kutoka=` zinabadilisha ukurasa kikweli, na ukizifuta mteja wa Malindi atapewa ratiba ya Busia.

Hutokea pia, ila kwa nadra, seva ikawa inatoa `Vary: User-Agent`, na hapo kila aina ya simu inahifadhiwa nakala yake. Na hutokea kache ya ndani, kama Redis, haifikiki kabisa, huku programu ikikaa kimya na kurudi kwenye hifadhidata. Andika `redis-cli ping`. Usipojibiwa PONG, huna kache. Ukijibiwa, angalia `redis-cli INFO stats` ulinganishe `keyspace_hits` na `keyspace_misses`. Misses zikizidi hits mchana kweupe, funguo zako (majina unayohifadhia vitu) zimetungwa vibaya au zinakufa mapema mno.

Wenye tovuti huniambia, "Lakini data yangu inabadilika kila dakika, siwezi kuihifadhi." Unaweza. Ukurasa wa ratiba ukiuhifadhi kwa sekunde moja tu, na wageni 300 wakaja katika sekunde hiyo, hifadhidata inaulizwa mara moja badala ya mara 300. Hakuna abiria atakayelalamika kwamba ratiba yake ina umri wa sekunde moja.

Dalili ya 2: Tovuti ni nyepesi, inazima ghafla, inarudi, inazima tena

Ukiichora kwenye grafu utaona meno kama ya msumeno. Ukiona mwanya kati ya jino na jino unalingana na umri uliouweka kwenye kache, dakika tano au kumi, basi jibu unalo.

Fikiria kivuko cha Likoni asubuhi, lango likifunguliwa. Kurasa zako ziko kwenye kache na kila kitu kimetulia. Ukurasa mmoja mkubwa unafikia mwisho wa umri wake. Mgeni wa kwanza anakuta sufuria tupu, anaenda kupika. Kupika kunachukua sekunde mbili. Katika sekunde mbili hizo, wageni wengine 600 nao wanakuta sufuria tupu, na kila mmoja anaenda kupika chakula kilekile. MySQL, programu ya hifadhidata, ikiwa haijabadilishwa inaruhusu miunganisho 151 tu. Ule wa 152 unakataliwa, `Too many connections`, na tovuti inaanguka ikiwa na kache nzima nzima.

Hata wakubwa limewapata. Tarehe 23 Septemba 2010 Facebook ilizima kwa takriban saa mbili na nusu. Thamani moja ya mipangilio ilikuwa na kosa. Kila kompyuta iliyoisoma iliiona mbovu, ikaenda kuuliza hifadhidata ili iirekebishe, na maulizo yakafika mamia ya maelfu kwa sekunde. Walilazimika kuzuia wageni kwanza ndipo hifadhidata ikapata pumzi.

Ukaguzi rahisi: tazama kwenye logi kama kuna ulizo moja linalojirudia mamia ya mara ndani ya sekunde moja ya kuanguka. Likiwepo, weka kufuli ili mmoja apike na wengine wangoje. Kwenye Nginx:

`proxy_cache_lock on;`
`proxy_cache_use_stale updating error timeout http_500 http_502 http_503 http_504;`
`proxy_cache_background_update on;`

Mstari wa pili ndio ninaoupenda zaidi. Unasema: wakati mpya unapikwa, wape wageni ule wa zamani, na jiko likizimika, endelea kuwapa wa zamani. Ratiba iliyopitwa na dakika moja ni bora kuliko ukurasa mweupe wenye neno 502. Ukitumia CDN inayotii, `stale-while-revalidate=60` ndani ya `Cache-Control` inasema sehemu ya kwanza ya jambo hilo.

Kama unahifadhi mwenyewe ndani ya Redis, kufuli unaliandika kwa `SET kufuli:ratiba 1 NX EX 10`. Aliyelipata anapika, aliyelikosa anangoja kidogo au anatumia nakala ya zamani. Usisahau `EX`: mpishi akizimia kabla ya kufungua, kufuli lisilo na mwisho litafunga mlango milele. Tena, usizipe funguo zako zote umri mmoja. Zikizaliwa pamoja zitakufa pamoja. Ongeza sekunde chache za bahati nasibu juu ya kila umri, funguo zitatawanyika zenyewe.

Meno ya msumeno yakionekana mara tu baada ya wewe kupandisha toleo jipya, basi unafuta kache yote kila unapopandisha. Acha hiyo. Futa zilizobadilika tu, kisha pitisha `curl` kwenye kurasa kumi zinazotembelewa zaidi kabla wageni hawajafika. Na `FLUSHALL`, amri ya Redis ya kufuta vyote, mchana wa Desemba ni kulizima jiko wakati foleni iko mlangoni.

Simama hapa: hifadhidata ikianguka mara ya tatu ndani ya saa moja hata baada ya kufuli, usiendelee kuiwasha na kuombea. Kila ikianguka katikati ya kuandika, unacheza na tiketi zilizolipiwa. Funga mauzo, weka ukurasa wa tangazo, mwite mtu wa hifadhidata.

Dalili ya 3: Mteja anaona taarifa za mtu mwingine

Hii isomwe hata na asiyepatwa nayo.

Ilikuwa Desemba, kampuni moja ya mabasi yenye ofisi Mwembe Tayari, Mombasa. Msichana wa dirishani akanipigia: "Kaka, njoo haraka. Huyu mama yuwaona jina la mtu mwengine kwenye simu yake." Nikaomba nizungumze naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimebonyeza pale pa tiketi zangu. Hapa pana jina la mwanamume, na nambari yake ya simu, na yuwaenda Kisumu. Mimi naenda Voi." Akanyamaza kidogo. "Sasa na yangu, nani yuwaiona?"

Swali lile sijalisahau. Nilifungua logi nikakuta ukurasa wa "Tiketi zangu" umehifadhiwa dakika kumi kwa ajili ya kila mtu. Mstari unaopuuza `Set-Cookie` niliuweka mimi wiki iliyotangulia, ili dalili ya kwanza iishe.

Sababu, kwa jinsi ninavyozikuta: kwanza ni huo mstari, `proxy_ignore_headers Set-Cookie`, au kanuni ya CDN inayosema "hifadhi kila kitu". Ubaya wake una ngazi mbili. Kuhifadhi ukurasa wa mtu ni ngazi ya kwanza. Kuhifadhi kuki yake pamoja na ukurasa ni ya pili na ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu anayepakuliwa ukurasa ule anapewa na kikao, yaani anaingia kwenye akaunti ya mwenzake na anaweza kubadilisha mambo. Pili ni ufunguo wa Redis usio na mwenyewe: programu inahifadhi kwa jina `tiketi_zangu` badala ya `tiketi_zangu:4821`. Wa kwanza kufika asubuhi anakuwa mwenye tiketi wa mji mzima. Tatu, na hii ni ya makusudi, ni udanganyifu ambao mtafiti Omer Gil aliuonyesha mwaka 2017: adui anamtumia mtu kiungo kama `/akaunti/picha.css`, programu inapuuza mkia na kutoa ukurasa wa akaunti, kache inaona `.css` na kuuhifadhi kama faili la wote, kisha adui anafungua kiungo kilekile na kusoma.

Siku ya Krismasi ya 2015, duka la michezo la Steam, wakati linajitetea dhidi ya mashambulizi, liliwekewa mipangilio ya kache yenye kosa, na kurasa za takriban watu 34,000 zikaweza kuonekana na wengine. Usidhani ni kosa la wanaoanza tu.

La kufanya, kwa mpangilio huu na bila kuchelewa. Zima kache ya kurasa zote isipokuwa picha na CSS, hata kama tovuti itakuwa nzito. Futa yaliyohifadhiwa kwenye CDN na kwenye seva. Vunja vikao vyote, kila mtu aingie upya. Nakili logi mahali salama kabla hazijafutwa na mzunguko wa kawaida, maana ndizo zitakazoonyesha ni akina nani walionekana na walionwa na nani.

Baada ya hapo ndipo utengeneze. Kurasa za akaunti, kikapu na malipo zitoe `Cache-Control: private, no-store` kutoka kwenye programu yenyewe. Kwenye Nginx, mwenye kuki ya kikao asipakuliwe kutoka kwenye kache na wala ukurasa wake usiwekwe humo:

`proxy_cache_bypass $cookie_kikao;`
`proxy_no_cache $cookie_kikao;`

Zinahitajika zote mbili. Ya kwanza peke yake inamzuia mtu kusoma kutoka kwenye sufuria, lakini ukurasa wake bado unamiminwa humo. Kisha jaribu kwa simu mbili, akaunti mbili, kurasa zilezile, ukizipishanisha. Usijaribu kwa simu moja ukaridhika.

Simama hapa: ukishahakikisha kwamba taarifa za mtu zimeonekana, jambo hili si la fundi peke yake tena. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, mwenye tovuti, anayesimamia data hiyo, ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data pale uvujaji unapoleta hatari ya kweli ya madhara, na wewe unayemfanyia kazi unatakiwa umjulishe yeye mapema, ndani ya saa 48 inapowezekana. Saa zinahesabiwa tangu mlipojua. Mwite wakili na mtu wa usalama wa mitandao siku hiyohiyo, na usikubali kuambiwa "tunyamaze, imeshatengenezwa". Yule mama alikuwa na haki ya kujibiwa swali lake.

Dalili ya 4: Nimebadilisha nauli, lakini wateja wanaona ya zamani

Hii ni data iliyochacha, na kazi ni kujua imechachia wapi, maana sufuria ziko nyingi: kivinjari cha mteja, CDN, Nginx, Redis, na hata OPcache ya PHP, inayohifadhi programu yenyewe. Jaribio dogo hupunguza msako kwa nusu. Fungua ukurasa ukiongeza mkia usiowahi kutumika, mfano `?jaribu=917`. Ukiona nauli mpya, programu yako ni nzima na uchachu uko mbele yake, kwenye Nginx, CDN au kivinjari. Ukiona bado ya zamani, tatizo liko ndani: Redis haikufutwa, au OPcache imewekwa `validate_timestamps=0` na inaendesha faili la jana mpaka PHP iwashwe upya.

Kinachotokea mara nyingi ni kivinjari. Mtu ameweka `max-age=31536000`, mwaka mzima, kwenye ukurasa badala ya kuiweka kwenye picha. CDN utaifuta ukiwa ofisini, lakini simu ya mteja aliye Kilifi hutaifikia. Mwaka mzima uwe wa mafaili yenye toleo ndani ya jina, kama `mtindo.8f3a.css`. Ukurasa wenyewe uwe na `no-cache` pamoja na `ETag`, alama ya toleo la ukurasa. Jina hilo `no-cache` limewapotosha wengi: maana yake ni "hifadhi, lakini niulize kabla ya kutumia", na kama hakuna kilichobadilika seva inajibu 304 bila kutuma ukurasa tena. Usiotaka uhifadhiwe kabisa ni `no-store`.

Kuna moja ya kwetu Afrika Mashariki. Heda ya `Expires` lazima iandikwe kwa GMT. Nimekuta programu inachukua saa ya Mombasa, inaibandika neno GMT mwishoni, na kila kilichotakiwa kuishi dakika tano kinaishi saa tatu na dakika tano. Ukiona uchachu wa saa tatu kamili na kitu, usitafute mbali. Tumia `max-age` uache kuhesabu tarehe.

Na hapa niseme kuhusu viti. Idadi ya viti vilivyobaki unaweza kuionyesha kutoka kwenye kache ya sekunde tano, ila kuuza usiuze kwa kuitegemea kache hata siku moja. Wakati wa kulipa, uliza hifadhidata ndani ya muamala, na uweke kizuizi cha upekee kwenye safari na nambari ya kiti, ili wawili wakibonyeza pamoja mmoja akataliwe na hifadhidata yenyewe. Hali kadhalika anwani inayopokea majibu ya malipo ya M-Pesa: isipite kwenye kache yoyote. Mteja aliyekatwa pesa bila tiketi hataki kusikia habari za seva.

Dalili ya 5: Watu wanatolewa kwenye akaunti ghafla, au Redis inagoma kuandika

Zinaonekana mbili lakini chanzo ni kimoja: kumbukumbu imejaa. Redis ukiiwekea `maxmemory` bila kuchagua sera, inashika `noeviction`, yaani ikijaa haifukuzi kitu. Inakataa kuandika na kusema `OOM command not allowed`. Mtu akisoma hivyo anabadilisha kuwa `allkeys-lru`, yaani fukuza vilivyokaa bila kutumika, makosa yanakoma, na kesho wateja wanaanza kutolewa kwenye akaunti, kwa kuwa vikao vyao viko ndani ya Redis hiyohiyo na vinafukuzwa pamoja na kurasa. Ziwe Redis mbili, kila moja na mlango (port) wake: ya kache ifukuze, ya vikao isifukuze. Kutenganisha kwa nambari ya hifadhidata ndani ya Redis moja hakutoshi, maana sera ni ya seva nzima.

Na usitafute funguo kwa amri ya `KEYS *` wakati wateja wamo. Inasimamisha kila kitu mpaka imalize kuhesabu. Tumia `SCAN`.

Hakikisha pia Redis au Memcached, kache nyingine ya ndani, haisikilizi intaneti nzima. Februari 2018 GitHub, tovuti ya kuhifadhia programu, ilishambuliwa kwa mafuriko ya terabiti 1.35 kwa sekunde, yaliyorushwa kupitia seva za Memcached za watu wengine zilizoachwa wazi. Ukigundua yako ilikuwa wazi, ichukulie kama nyumba iliyoingiwa: itenge na mwite mtu wa usalama.

Dalili ya 6: Tatizo limekwisha, lakini wateja wanaendelea kuona ukurasa wa kosa

Kosa lenyewe limehifadhiwa. Umri wa kurasa za 404 (ukurasa haupo) na 500 (seva imeshindwa) umewekwa sawa na wa kurasa nzuri. Upe 404 sekunde chache, 500 usiuhifadhi kabisa, futa kache ya anwani hizo tu, basi.

Dalili ya 7: Mombasa inafunguka mara moja, kwingine inasuasua, au kinyume chake

Seva iko Ulaya au Marekani? Basi kila ukurasa usiohifadhiwa hapa unapita chini ya bahari. Nyaya nyingi zinazoiunganisha Kenya zinaingilia hapahapa Mombasa: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikawa nzito katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo kuigusa seva hakuleti lolote.

Kwa mteja wa Cloudflare, tazama herufi tatu za mwisho za heda `cf-ray`. MBA ni kituo cha Mombasa, NBO ni Nairobi. Ukiwa Tudor, hapa Mombasa, na ukaona LHR, ombi lako limekwenda London kabla ya kurudi, na hilo linahusu njia za mtoa huduma wako wa intaneti kuliko mipangilio yako. Mpigie yeye. Kilicho mikononi mwako ni kuhifadhi HTML ya kurasa za wote kwenye CDN, na kuongeza `stale-if-error` kama CDN yako inaitii, ili waya ukikatika ratiba ibaki inasomeka.

Ukimwita mtaalamu

Mpe vitu hivi kabla hajauliza: saa ya kuanza kwa EAT (saa ya Afrika Mashariki) na kwa UTC, matokeo ya `curl` mbili za mwanzo bila kupunguza heda, `INFO stats` na `INFO memory` za Redis, logi za Nginx za dakika kumi kabla ya tatizo, na orodha ya ulichobadilisha wiki hiyo, pamoja na ule mstari ulionakili mahali ukaona aibu kuutaja.